Mngoni Ugenini kwa Wabemba

Safari hii sikuipanga mimi. Mwaka 2014 duka nililokuwa nauza Kariakoo lilifungwa, nikaenda Songea kwa baba mdogo kupumzisha kichwa. Anakaa kijijini, si mbali na Peramiho. Mimi nimezaliwa Temeke na kukulia Temeke. Ungoni nilikuwa nakwenda kwenye misiba tu, na Kingoni changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Baba mdogo alinivumilia wiki mbili nikishinda chini ya mwembe na simu mkononi. Wiki ya tatu akaniita ndani, akatoa picha iliyofubaa, vijana wawili wamesimama juu ya rundo la mataruma.

"Huyu mimi," akasema. "Na huyu yuko Kasama, Zambia. Nataka umpelekee mchele."

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Shuleni tulifundishwa habari ya Nyerere, Kaunda na Wachina. Hatukufundishwa habari ya baba zetu wadogo. Wa kwangu alikuwa kijana wa kubeba mataruma, na kambini alilala hema moja na Mbemba mmoja kwa karibu mwaka mzima. Walipoachana hawakuonana tena, ila barua hazikukatika, na simu za mkononi zilipokuja wakahamia kwenye simu.

Nauli alinipa yeye. Mchele nilielekezwa ninunue wa Kyela, kilo ishirini, na kitenge cha mama mwenye nyumba. Wosia ulikuwa mmoja, na sikuuelewa: "Ukifika usijitambulishe kuwa Mtanzania. Sema wewe ni Mngoni. Halafu nyamaza."

Nilipanda treni Makambako. Behewani nilikaa na kijana wa Kizambia anayefanya biashara ya nguo kati ya Tunduma na Kasama, Kiswahili chake kizuri kuliko changu cha Temeke. Usiku kucha nikamsumbua anifundishe Kibemba. Mimi nina kiburi cha lugha, nakiri. Nilikuwa naamini mtu anayejua Kiswahili hawezi kupotea popote kwenye nchi za Wabantu, na kila neno alilonipa nilikuwa nalichekelea kwa sababu nalijua tayari. Kuku ni *inkoko*. Mtu ni *umuntu*. Hata fedha yao: nimeishika kwacha mkononi pale Nakonde, mpakani, ndipo nikaambiwa maana yake ni kwamba kumekucha, mapambazuko ya uhuru. Nikasema, hawa si wageni hawa.

Nikamuuliza, kumjulia mtu hali wanasemaje. Akasema *uli shani*, na wakiwa wengi *muli shani*. Hiyo nayo haikuhitaji daftari. U-hali-gani, m-hali-gani. Nikageukia ukutani nikalala.

Mpakani nilirudisha saa nyuma, saa moja nzima. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kasama tulifika, nikapata teksi hadi kwenye nyumba ya mzee, nje kidogo ya mji. Ukuta wa matofali ya kuchoma, mti wa mwembe uani kama wa kwetu. Nikabisha, "Hodi!" Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Kalibu!" Moyo ukatulia. Nilijua *odi* na *kalibu* yao ni ndugu wa hodi na karibu yetu, zimesafiri na misafara ya biashara ya zamani zikabaki huko. Nikaingia kifua mbele, nikamkuta mzee ameketi kwenye kiti cha mbao. Nikamnyooshea mkono, nikatabasamu, nikasema kwa sauti kubwa:

"Uli shani!"

Mzee hakujibu. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, akageuza macho dirishani. Mama aliyesema kalibu alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akatazama chini. Kijukuu cha miaka kama kumi na miwili kikaziba mdomo kwa viganja viwili.

Aliyeniokoa ni binti wa mzee, muuguzi, ambaye Kiingereza chake na changu vilikutana njiani. Akanivuta uani. Mtu mzima, akasema, hasemeshwi kwa *u*. Hata akiwa peke yake ni *mu*. Baba ni *ba tata*, mama ni *ba mayo*, kana kwamba wako wengi. *Uli shani* unamwambia rafiki yako wa rika, au mtoto, au mbwa.

Nikawaza lile daftari nililoona halihitajiki. Kiswahili ndicho kilichonidanganya. Sisi mkuu wa nchi tunamwita *wewe* na hakuna anayekasirika, kwa sababu heshima yetu tumeiweka kwenye shikamoo. Ukishaitoa mlangoni, iliyobaki ni mazungumzo ya kawaida. Wao heshima wameisambaza ndani ya kila kitenzi. Huwezi kuitoa mara moja ukamaliza. Kila ukifungua mdomo lazima uitoe tena. Na mimi nilikuwa nimetoka nchi inayojisifu kwa adabu, nikaingia nyumbani kwa mtu nikamsalimu kama mbwa.

Nikarudi ndani. Nikachuchumaa kama nilivyomwona yule mtoto akifanya. "Muli shani, ba tata." Mzee akaitikia, taratibu. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kambini, kilichobaki kichwani mwake miaka arobaini, "Wewe nani?"

Nikakumbuka wosia. "Mimi ni Mngoni." Nikanyamaza.

Uso wa mzee ulibadilika kama taa imewashwa. Akapiga goti lake kofi. Akaita jirani kwa sauti, akaita mkewe, akaita watoto, akasema maneno mengi ambayo ndani yake nilisikia *Bangoni* na *mbeba*, *Bangoni* na *mbeba*. Nyumba nzima ikacheka. Mtoto akanitafsiria kwa furaha kubwa: babu anasema mfiche panya wote, Mngoni kaingia, halafu mtazameni alivyokonda, huko kwao panya wamekwisha ndiyo maana kapanda treni.

Sasa mimi nilikasirika. Nimesafiri siku mbili na kilo ishirini za mchele begani, nimenyamaziwa, halafu naambiwa mla panya mbele ya watoto. Nilikuwa karibu kusema neno baya. Lakini mzee alikuwa ananitazama kwa hamu, anasubiri kitu kutoka kwangu, na mimi sikukijua.

Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba alikuwa anasubiri nimtukane.

Wabemba na Wangoni wa Zambia ni watani. Wao wanasema ni mabinamu wa kabila. Chanzo ni vita vya karne ya 19. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba wakikimbia misukosuko ya kusini, wakapanda hadi Ufipa, na Zwangendaba akafia huko. Alipokufa watu wake wakagawanyika. Kundi la Mpezeni lilipigana na Wabemba miaka mingi, mwishowe likaelekea upande wa Chipata, mashariki mwa Zambia, ndiko walipo hadi leo. Wengine walikwenda Malawi. Wengine waliteremka hadi Songea, na katika hao ndimo ninamotoka mimi. Vita ilipopoa, matusi yakabaki badala ya mikuki. Mbemba akimwona Mngoni, humwita mla panya. Mngoni humjibu Mbemba kwamba yeye ni mla nyani, *kolwe*. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye uliyevunja kitu.

Nilipopata hiyo habari, asubuhi ya siku ya tatu, nilimkuta mzee anakunywa chai. Nikachuchumaa, nikatoa *mwashibukeni* yangu kamili yenye adabu zote, kisha nikamuuliza kama usiku nyani alilala vizuri tumboni. Mzee alicheka hadi chai ikamwagika. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa nyumba ile. Na hilo ndilo lililonishangaza zaidi: kosa la herufi moja, *u* mahali pa *mu*, lilitaka kunifukuza, lakini kumwambia mzee wa watu kwamba anakula nyani ndiko kulikonipa kiti.

Makosa mengine yalikuwa madogo, nitayapitia haraka. Siku ya kwanza niliambiwa jioni tunakula *ubwali*. Nikajua wali, nikasema moyoni, mchele wangu umepikwa. Ukaja ugali mweupe, mwepesi kuliko wetu, na *ubwali* ndilo jina lake. Siku nyingine binti wa mzee aliniahidi kunipeleka sokoni, akasema saa saba. Nikaoga taratibu, nikalala kidogo, saa saba mchana nikatoka nimechana nywele. Alikuwa amekwenda sokoni na kurudi, na kuingia kazini. Saa yao saba ni ile tunayoiita saa moja asubuhi. Nilikuwa nimerudisha mishale ya saa nyuma pale mpakani nikadhani kazi imekwisha.

Lililonikaa vibaya ni magoti. Mama wa nyumba ile alikuwa akileta maji ya kunawa anapiga magoti, anamimina juu ya mikono yangu, mimi kijana ambaye ningeweza kuwa mwanawe. Sikuweza kutazama. Siku moja nikamwambia yule muuguzi kwamba mambo haya kwetu mjini tumeyaacha, mwanamke hapigi magoti. Akaniuliza shikamoo maana yake nini. Nikamweleza jinsi wazee wanavyoeleza, kwamba ni kusema nashika miguu yako. Akatabasamu. "Kwa hiyo nyinyi mnasema tu mmeshika," akasema, "sisi tunashuka kweli." Sikuwa na jibu. Bado sijakubali lile la magoti moja kwa moja, na yeye mwenyewe aliniambia kwake, na mume wake, hapigi kila siku. Lakini niliacha kulitaja kama ushamba.

Chakula nilikula. *Ifinkubala*, viwavi waliokaushwa na kukaangwa kwa nyanya na kitunguu, nilianza navyo kwa kufumba macho. Vina ladha ya dagaa mkavu aliyepitishwa motoni. Mtu wa Bukoba anayesubiri senene mwaka mzima asinicheke hapa. Kingine ni *chikanda*, kama soseji nene ya kahawia inayokatwa vipande, imetengenezwa kwa mizizi ya maua na karanga. Nilikila kwa furaha, nikauliza mizizi inatoka wapi. Muuzaji pale sokoni akasema mingi inatoka Tanzania, huko nyanda za juu, upande wa Makete na Kitulo. Kitulo tuliifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hayo hayo, na mimi sikuwahi kufika. Nikabaki nimeshika kipande mkononi, nimevuka mpaka kuja kula bustani ya kwetu.

Siku moja mzee alipata lifti ya lori, akanichukua hadi mto Chambeshi, kwenye barabara ya Mpika. Nilidhani anataka kunionyesha samaki. Karibu na daraja kuna mnara. Hapo ndipo jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipopata habari, Novemba 1918, kwamba vita kuu imekwisha Ulaya. Wakaenda kusalimu silaha Mbala, enzi hizo ikiitwa Abercorn, tarehe 25. Kabla ya kufika Chambeshi, jeshi hilo lilivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kupita Ungoni kwetu, likila chakula cha watu njiani.

Mzee akakaa kivulini. Babu yake, akasema, alikuwa *tengatenga*, mpagazi wa Waingereza, alibeba mizigo ya vita kichwani. Akauliza kwetu tunawaitaje watu hao. Nikafikiri. Nikamwambia, Waingereza waliwaita Carrier Corps, na watu wetu wakashindwa kulitamka, wakasema Kariakoo. Kambi yao ilikuwa Dar es Salaam, ndipo soko lilipo sasa.

Nikasikia nilichokisema. Miaka minane nimefungua duka Kariakoo kila asubuhi, nimelitaja jina hilo kwa konda, kwa wateja, kwa wadeni, na sijawahi hata siku moja kusimama nikalisikia. Ilibidi nifikishwe Chambeshi na mtu anayeniita mla panya.

Mwisho wa Oktoba mambo yalipinduka. Tarehe 24 Zambia ilitimiza miaka 50 ya uhuru; bendera kila mahali, watoto wamevaa kijani. Tarehe 28 Rais Michael Sata akafariki London. Alikuwa mtu wa Mpika, Mbemba. Asubuhi habari ilipofika, soko la Kasama lilinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuiona sokoni, wanawake wamekaa na nyanya zao mbele, hakuna anayetaja bei. Mzee alizima redio, akaiwasha, akaizima.

Wiki iliyofuata akafariki jirani, mzee mwenzake. Msiba wanauita *icililo*, na nadhani hilo halihitaji tafsiri kwa mtu anayejua kilio. Vyombo vilitolewa ndani, wanawake wakakaa chini sakafuni. Wanaume tulikaa nje kuuzunguka moto, tukakesha. Kwaya ya kanisa ikaimba, ikachoka, ikaimba tena. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa amejikunja tangu mchana, hajala, hajasema. Katikati ya usiku mzee wangu akanigusa goti.

"Mngoni. Kazi yako hii."

Nikajua anachotaka, na mwili ukakataa. Nilikuwa nimewahi kukaa upande wa pili wa jambo hilo. Babu yangu alipozikwa Songea, nikiwa na miaka kama ishirini, Mhehe mmoja mtani wa ukoo wetu aliruka kaburini kabla ya jeneza kushushwa. Akalala chali mle ndani, akasema hapa pamepoa, Mngoni huyu hastahili, hatoki mpaka alipwe. Wazee walicheka na kutoa noti. Mimi, kijana wa Temeke, nilimwita mhuni mbele ya watu wote. Hakuna aliyeniunga mkono, na mimi nikawaona wote washenzi. Nilirudi Dar nikisimulia kioja hicho vijiweni.

Sasa nipo kando ya moto wa Wabemba, usiku, na mimi ndiye mhuni anayesubiriwa.

Nikasimama. Nikamwambia yule mtoto mjukuu atafsiri. Nikasema nimepita porini jioni nikasikia kelele za ngoma. Nikachungulia. Nyani wote wa Kasama wanafanya sherehe, wanakunywa, wanakumbatiana. Nikawauliza kuna nini. Wakasema, yule mzee mwenye meno makali hatunaye tena, leo tunalala bila kuweka mlinzi.

Kimya kidogo, mtoto akimalizia kutafsiri. Kisha kutoka kwa yule mfiwa ikatoka sauti kama kikohozi. Akainua uso. Alikuwa anacheka, akicheka mabega yakitetemeka, na humo humo kicheko kikageuka kuwa kilio, kile kilichokuwa kimekwama tangu mchana. Wenzake wakamshika. Mtu akamletea bakuli la *ubwali*, akala. Baadaye aliniletea kwacha kumi mkononi, akaniambia nikanunue panya.

Nilikaa Kasama wiki tano badala ya moja. Siku ya kuondoka mzee alinipa mfuko wa *ifinkubala* nimpelekee rafiki yake, nikawaambia *shalenipo*, na mama akapiga magoti kunipa mkono. Nami nikashuka, tukabaki wawili chini tunachekana.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019. Mhehe alikuja, ni yule yule, sasa mvi kichwa kizima. Nilimfuata kabla hajaanza vituko vyake, nikamwomba radhi kwa neno nililomtupia kwenye msiba wa babu. Akaniambia radhi za mdomo hazijazi kibaba, nikatoa elfu kumi. Akaipokea na bado akaingia kaburini.

Jioni simu ililia, namba ya Zambia. Sauti ya mzee imekwisha, imekuwa nyembamba, Kiswahili cha kambini kimebaki maneno machache. Hakusema pole. Akasema, "Mngoni. Panya kwenu leo wamepona."

Nilicheka kwa sauti, katikati ya msiba, machozi yananitiririka. Kijana mmoja wa kwetu aliyekuja na basi kutoka Dar alikuwa amekaa pembeni na simu yake. Akainua macho, akanitazama, na lile jicho nililijua.